Masika Tuliyovuka Daraja na Neema

Mashine ya umeme iliyopata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua polepole. Nyumbani kwetu Magamba, juu ya mji wa Lushoto, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi kutoka jikoni, na ubaridi wa ukungu ulioingia sebuleni kila mtu alipofungua mlango. Nilikuwa bado shule ya msingi. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito kweli: njia ziliteleza, kabichi zilianza kuozea shambani, mawingu yakashuka mpaka uani na kukaa humo kama wageni wasio na haraka. Shule zilikuwa zimefungwa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua maharage na kungoja jua. Hayo ndiyo masika aliyoletwa dada Neema.

Neema alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyekuwa akiishi Tanga na ambaye tulikuwa tumemzika kwao Gare muda mfupi kabla. Baada ya matanga baba yake, dereva wa malori, alilazimika kurudi safarini, na Neema akapanda nasi Magamba akiwa na begi la nguo na mashine ya gemu iliyoviringishwa ndani ya khanga ya marehemu. Alikuwa ameanza sekondari. Shikamoo aliamkia, maana kwetu shikamoo haina msamaha hata kwa mfiwa, lakini baada ya hapo hakufungua kinywa. Mama alimpikia kila alichokumbuka kwamba dada yake alipenda kupika. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimwombea kila tulipokaa mezani. Neema alikula kidogo, akashukuru kwa kichwa, akarudi dirishani kuutazama msitu ambao kwa ukungu ule haukuonekana. Usiku nilimsikia mama akimwambia baba kwa Kishambaa kwamba anaogopa. Kwamba mtoto anaweza kukauka hivi hivi, macho yakiwa wazi.

Mchana mmoja Neema aliifungua ile khanga, akaunganisha mashine kwenye runinga, na mama akaniashiria nimwache. Sikuweza. Kwenye kioo palikuwa na ngome ya mawe yenye minara mirefu, na mbele yake msichana mwenye upanga na koti jekundu, peke yake, upepo ukimpeperusha nywele. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilinyoosha mkono kuomba pedi ya kuchezea, naye akanipa bila kunitazama. Kabla sijaanza nikaona orodha ya safari zilizohifadhiwa ili ziendelezwe baadaye, na humo ilikuwamo moja tu. Nilipotaka kuifungua, aliushika mkono wangu kwa nguvu, akanifungulia safari mpya. Nikakimbia moja kwa moja kwa askari wa kwanza, mifupa mitupu yenye kofia ya chuma, nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Akaniua. Nikarudi, akaniua tena. Nikarudi nikipiga kelele, akaniua kabla sijamfikia.

“Unapiga kama mtu anayeua nyoka,” alisema Neema.

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Mimi sikugeuka, kwa kuogopa kwamba nikimtazama atanyamaza tena.

“Usianze kupiga,” akaendelea, sauti imekwaruza kwa kutotumika. “Mwangalie kwanza. Kuna namna anainua bega kabla hajashusha upanga. Akiinua, wewe jiviringishe pembeni. Akishakosa, ndiyo mpige. Mara moja, halafu rudi nyuma. Usiwe mlafi.”

Nilimwangalia yule askari. Kweli, aliinua bega. Nikajiviringisha, nikapiga, nikarudi nyuma, na alipoanguka nilirukaruka mpaka mama akaja mlangoni akijifuta macho kwa ncha ya khanga, akisema moshi wa leo mbaya.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake. Alinifundisha kutozibania chupa za dawa eti nizitunze kwa ajili ya jitu kubwa la mbele, kwa sababu wengi hufa mfukoni mna dawa tele. Alinifundisha kuchagua silaha moja na kuizoea, kuongeza uhai kabla ya nguvu, kuzungumza na kila mtu niliyemkuta njiani hata kama anaonekana kichaa. Nikikutana na adui aliyenizidi sana, nigeuke nikimbie. Haikuwa aibu, dunia ile ilikuwa kubwa na ningeweza kumrudia nikishakua. Na popote palipowashwa moto wa kambi, nikae. “Hata kama hujachoka,” alisema. “Kaa.” Somo likiisha hakurudia ukimya wake mara moja. Aliuliza mboga gani inapikwa, au kwa nini huku kwetu miti yote inavuja maji.

Baba alitukuta siku jitu lenye pembe lilipojaza kioo kizima. Alisimama na koti lake la mvua likichuruzika sakafuni.

“Zimeni hiyo mizimu,” alisema. “Nyumba hii ina msiba.”

Neema aliweka pedi chini. Niliuona uso wake ukifungwa, na hofu ikanishika kuliko kwa jitu lolote.

“Baba Upendo,” mama alisema kutoka jikoni, akimwita kwa jina langu, kwa utulivu ambao hata baba aliujua. “Mtoto anaongea. Vua koti, ukae.”

Baba alivua koti, akakaa kwenye kigoda, akalitazama jitu kwa muda mrefu. “Baba mdogo,” Neema akamwambia taratibu, “halidhuru. Ni picha tu.” Baba akauliza, “Sasa tunapitia wapi?” Sikuamini masikio yangu kwa hiyo “tuna.”

Nilipofika kwenye daraja la ngome, penye mlinzi wa chuma ambaye hakuna nilichojua kilichomweza, nilimwomba Neema anionyeshe kwenye ile safari yake ya zamani.

“Yangu imeishia hapo hapo,” alisema. “Mama alikuwa anakaa kitandani ananiangalia nikicheza. Tulifika darajani, akasema amechoka, tutavuka kesho. Nikihifadhi mbele ya pale, pale alipo panafutika.”

Mama alikuja kukaa sakafuni, akamvuta Neema begani kwake. “Mimi sikuwahi kuliona hilo daraja,” alisema. “Nionyeshe alipofikia dada yangu.”

Neema aliifungua safari ile. Yule msichana wa koti jekundu alikuwa amekaa kando ya moto, daraja mbele yake. Neema alisubiri kidogo, kisha akamsimamisha. Alikufa mara nyingi alasiri ile, na kila alipokufa mama alisema “pole,” kama anayemwambia mtu aliyejikwaa. Mlinzi alipoanguka na lango likafunguka, Neema alihifadhi mwenyewe, ndipo akalia. Kilio kikubwa, cha sauti, ambacho hakukilia hata makaburini Gare. Mama alilia naye. Shule zilipofunguliwa Neema alijiunga na wengine, akiwa na sare mpya na mdomo uliozoea kuuliza.

Sasa mimi ni mwalimu hapa hapa Lushoto, na mwanangu hucheza gemu kwenye simu akiwa ameziba masikio. Gemu za sasa zimependeza mno: majani yanapepea, maji yanang’aa, nyuso zinatoa jasho. Akikwama hufungua video ya mtu asiyemfahamu, akaambiwa pa kukanyaga na pa kupiga, akavuka kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kumuua askari mmoja. Simwonei gere, wala simkemei. Najua tu kwamba akivuka, nyumba nzima haina habari. Naye Neema anauza mbegu za mboga Korogwe, ana watoto, na kila Jumapili baada ya ibada hupiga simu akaongea, akaongea, mpaka chai yangu inapoa. Mwanangu huniuliza huku akicheka kama mama mkubwa aliwahi kunyamaza hata siku moja. Namwambia ndiyo, aliwahi, na sote tuliogopa.