Miguu Iliyotulia

Mdomo ukishajaa pamba na bomba la kunyonya mate, mgonjwa hana tena maneno. Hapo ndipo vidole vya miguu huanza kuongea. Wagonjwa walivua viatu mlangoni, kwa hiyo msaidizi wa daktari wa meno aliona kila kitu, na karani wa mapokezi akambandika jina la Mama Vidole. Vidole vikijikunja, ganzi haijakolea. Unyayo ukisugua unyayo, ni woga tu, mtu apewe nafasi apumue. Alikuwa akimgusa daktari begani, na daktari anasimamisha mashine, basi.

Halafu akaja mama mmoja wa gauni la kijani. Miguu yake ilitulia tuli. Mama Vidole akampigapiga mkono, akamwambia, "Jasiri kweli wewe, mama." Kumbe mwili ulikuwa umeikataa dawa ya ganzi. Walipogundua, midomo ilishabadilika rangi. Hospitali kubwa walimpokea, lakini hakutoka huko akiwa hai.

Tangu hapo, Mama Vidole haogopi miguu inayorusha mateke. Anaogopa iliyotulia. Nyumbani, mama yake akijilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, yeye humtekenya unyayo.

"Hebu niache," mama hulalamika bila kufumbua macho. "Sijafa bado. Nikifa nitakuambia."

Binti hucheka, kisha huenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Sauti yake mwenyewe humfuata hadi huko: Jasiri kweli wewe, mama.

Kazini mambo yakaharibika. Kwa kila mgonjwa mtulivu, alimsimamisha daktari. Foleni ikarefuka, watu wakanuna, na daktari akamwita kando.

"Dada, ukinisimamisha tena bila sababu, nitatafuta msaidizi mwingine." Alisema hayo huku akitazama ukuta.

Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake. Akaapa kujizuia.

Asubuhi moja akaingia fundi wa magari, pande la mtu, akakijaza kiti chote. Alifumba macho, miguu ikatulia. Mama Vidole akajikaza. Akajiambia, huyu mzima, si kifua kinapanda na kushuka? Sauti ikaja: Jasiri kweli. Mkono ukaenda wenyewe begani kwa daktari.

Mashine ikanyamaza. Mama Vidole akamtoa fundi bomba mdomoni. "Baba, uko sawa?"

Fundi akafumbua jicho moja. "Mnaniamsha ya nini? Nilishaanza kuota."

Mama Vidole akainamisha kichwa, akingoja kufukuzwa. Ndipo alipokiona kiatu cha daktari, kando ya kanyagio la mashine. Kilikuwa kinatetemeka. Miguu yote aliyoisoma chumbani mle, na huu hakuwahi kuutupia jicho.

Fundi alipoondoka na shavu lake zito, Mama Vidole alifunga mlango. "Daktari, mguu wako."

Daktari akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Tangu siku ile," akasema. "Kila ukinigusa bega, naona ni yule mama wa gauni la kijani tena. Ndiyo maana nakufokea."

"Na mimi nisipokugusa, namwona yeye."

Daktari akavaa glavu mpya. "Usiache kunigusa," akasema. "Haya, ita anayefuata."

Akaingia mwalimu kijana, akalala kitini. Kabla ya kuutazama mdomo, wote wawili waliitazama miguu yake, wakangoja isogee.