Ganzi ya Vidole vya Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mtu wa maneno machache na usafi mwingi, na mimi ni kinyume chake katika yote mawili. Tunakaa nyumba moja tangu niolewe, vyumba vinatazamana, jiko moja. Kazi yake ni kutunza samaki. Si wa kukaanga. Ni wale wa rangirangi wa tangi la kioo, kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, ili wagonjwa wapate cha kutazama wakati mwenzao analia kule ndani. Maji yao ni ya chumvi, yanataka kupashwa joto na kuzungushwa na pampu, na kila kifaa kina waya wake. Na chumba chote ni yeye anayekipiga deki.

Siku hizo alikuwa anarudi nyumbani hoi bin taabani. Anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anaitazama kama ya mtu mwingine. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Nimechoka tu." Ikafika mahali na mimi nikachoka kuuliza.

Jioni moja, tunamenya vitunguu, akasema mwenyewe.

"Wifi, vidole vyangu vinakufa ganzi. Nikitia mkono kwenye tangi vinachomachoma, halafu naona kama si vyangu. Mama alianza hivihivi."

Nikaweka kisu chini. Mama mkwe alianza na vidole, ikaja miguu, mwisho kitanda. Aliyemgeuza, aliyemwosha na kumlisha mpaka siku ya mwisho ni huyuhuyu wifi, wakati kaka zake wakitoa pole kwa simu.

"Umemwambia daktari?"

"Yule ni wa meno."

"Ana mikono lakini."

Kumbe alikuwa ameshamwambia. Daktari alikunja shati, akatia mkono majini, akasimama pale na viatu vyake vinavyong'aa. "Mimi sisikii kitu, mama," akamwambia. "Nenda kapime afya." Wifi hakwenda. Nilipomshikia bango, akaniuliza akapime nini wakati ugonjwa wenyewe anaujua.

Baada ya hapo akaniletea cherehani yake chumbani, ameikumbatia. "Kaa nayo wewe. Unashona vizuri kunishinda." Uongo mtupu; mimi kifungo cha shati kinanitoa jasho. Lakini cherehani haikataliwi. Niliipokea, nikaitandikia kitambaa, na akili yangu haikwenda mbali zaidi ya hapo.

Asubuhi moja aliamka mkono hauinuki kwa uchovu, na bado anavaa kwenda kazini. Nikamfuata nimsaidie. Alipiga deki, nami nikasubiri mlangoni, kwa sababu wifi ana sheria yake: sakafu yake ikiwa mbichi, hakanyagi mtu na viatu, ila daktari, kwa kuwa ndiye anayelipa mshahara. Nikavua ndala zangu, nikaenda peku hadi kwenye tangi. Samaki wote walikuwa wamejibanza nyuma ya mawe. Yule wa manjano alikuwa hagusi chakula.

"Nao wamechoka," wifi akasema.

Nikatia mkono nisugue kioo. Kidole changu kilikuwa na jeraha la kisu cha jikoni, na hapohapo pakauma kama siafu, uchungu ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikatoa mkono. Nikaurudisha. Pakauma tena.

"Wifi," nikamwambia polepole, "na mimi nina ugonjwa wa mama yenu."

"Usinitanie leo."

"Sitanii. Mimi nimeolewa tu kwenu, si damu yenu. Nimeutoa wapi?"

Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu, kisha yake. Wote wawili tulikuwa peku juu ya maji ya deki.

Tukamwambia daktari kwamba maji yanamuuma aliye peku tu, huenda yana umeme, naye hakubisha. Alizima umeme wa chumba kizima, akamwita fundi. Fundi akachomeka kifaa kimojakimoja na kupima maji kila mara. Pampu, hakuna. Taa, hakuna. Alipochomeka hita ya kupashia maji joto, kipimo chake kikawaka. Akaitoa, akatuonyesha ufa kwenye kioo chake, mwembamba kama unywele.

"Umeme unavujia majini, na soketi yenu haina waya wa kuupeleka ardhini," akasema. "Ukisimama peku kwenye sakafu mbichi, waya ni wewe. Mna bahati hamjazika mtu."

Hita ikabadilishwa, waya wa ardhini ukawekwa. Fundi akapima mara ya mwisho, akatuambia tuko salama. Wifi akatia mkono, akauacha majini mpaka ngozi ikajikunja. Hakuna kitu. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho hajawahi kukikalia, akalia. Nikacheka, nikidhani ni furaha.

"Umepona, wifi."

"Sikuwa mgonjwa."

"Si ndiyo furaha yenyewe?"

Akajifuta kamasi kwa kiganja. "Unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba nitalala. Kwamba safari hii nitapumzika, niwe mimi wa kugeuzwa, si wa kugeuza."

Nikakaa kiti cha pembeni, nikamshika ule mkono uliolowa chumvi.

Njiani alitangulia. Tulipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka, "Cherehani yangu naitaka leo."

"Nitakuletea. Na kesho nitakwenda mimi kwenye tangi. Wewe lala."

"Utanichafulia sakafu."

"Nitapiga deki."

"Hujui kupiga deki."

"Sijui. Lakini nitavaa ndala."

Akatembea kidogo. "Kona ya nyuma ya mlango usiisahau," akasema.

Nilipotoka asubuhi, mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Katika miaka yote ya kutazamana na mlango ule, sikuwahi kuuona umefungwa jua likiwa limetoka.