Toroli Lililopanua Miguu

Mjukuu wangu wa kike ana duka la kuchapa barua pale Chanika. Ana kompyuta mbili, kila moja ya kampuni yake, na kazi iliyoandikwa kwenye hii haifunguki kwenye ile. Juzi nilimkuta amekaa katikati ya hizo mbili, mikono mapajani.

"Babu, hizi hazipatani. Waliozitengeneza ni washindani. Kila mmoja anataka ununue vya kwake tu."

"Nawajua hao."

"Utawajuaje, nawe hata kuiwasha huwezi?"

Kweli siwezi. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatoka Kwedizinga kwa miguu kwenda kukata mkonge Korogwe, na kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Lakini watu wa namna hiyo nawajua. Niliishi katikati ya reli zao.

Yalikuwa mashamba mawili ya mkonge, moja juu, moja chini, katikati ua wa minyaa. Kabla Serikali haijayataifisha, wenyewe walikuwa mabwana wawili wasiosalimiana. Kila mmoja alikuwa na kireli chake cha matoroli ya kusombea majani, na kila mmoja aliagiza reli kutoka kwao ng'ambo kwa upana wake. Ya chini ilikuwa pana kuliko ya juu kwa vidole vinne. Makusudi kabisa. Toroli la jirani likiingia kwako, lianguke.

Kisha yakawa mali yetu. Kibao kimoja, meneja mmoja, wimbo mmoja asubuhi. Reli hazikusikia habari hiyo.

Miaka ile nikiikumbuka huwa inakuja bila sauti. Naona ukungu umeshuka kutoka milima ya Dindira, umelala juu ya mkonge, na katani iliyoanikwa kwenye nyaya, nyeupe, safu hata safu, mpaka hujui wapi katani inaishia na wapi ukungu unaanza. Naona watu wanatokea humo nusu nusu, kwanza vichwa. Halafu ndipo nasikia matoroli.

Korona ya shamba la juu, ile mashine ya kukamua majani zibaki nyuzi, ilikufa. Spea hazikuja. Ikabidi majani ya juu yakakamuliwe chini, na jani la mkonge halisubiri. Likilala siku mbili limekauka. Lakini toroli likifika kwenye minyaa, basi, mwisho wa safari. Upande wa pili limesimama jingine, tupu, linalitazama. Wanawake ndio waliobeba matita kichwani kutoka hili kwenda lile, hatua ishirini, maji ya mkonge yanawatiririka shingoni yanawawasha.

Mke wangu alikuwa mmoja wao. Mimba yake ya kwanza iliharibikia palepale. Sasa alikuwa na ya pili, mwezi wa tano.

Nilikwenda kwa nyapara kumwombea kazi ya kuanika katani. "Waanikaji wametimia," akasema. "Asiyeweza kubeba aache."

Mke wangu nikamwambia aache. Akanitazama. "Niache, tule nini? Utatupikia minyaa?"

Akaja injinia kutoka Tanga. Akapima, akaandika, akasema reli yote ya juu ing'olewe, maana mataruma yake, yale yanayolaliwa na reli, ni ya chuma, hayapanuki. Zinunuliwe mpya ng'ambo. Fedha za kigeni hazikuwapo. "Subirini," akasema, akapanda gari. Yeye hakuwa na mimba.

Siku moja mchana, mvua imetoka kupita, nilikaa kwenye kivuli cha minyaa nikaanza kusinzia. Joto lilikuwa linapanda kama mvuke kutoka ardhini. Mbele yangu kulikuwa na tope, na kwenye tope nyayo za mke wangu. Nazijua hizo nyayo. Nilipomuoa alikuwa akipita, unyayo unafuata unyayo, karibu mstari mmoja. Sasa zilikuwa zimeachana, moja huku, moja kule. Nikawaza, nusu macho nusu usingizini: miguu ni ileile. Hakununua mipya ng'ambo. Amepewa mzigo, akaipanua. Nikaliona toroli linakuja kwenye ukungu linatembea kama mwanamke mjamzito, pole pole, likafika kwenye minyaa, likapanua miguu, likapita.

Nikaamka nacheka peke yangu.

Gurudumu la toroli lilikuwa linazunguka kwenye ekseli, limezuiwa na pini. Basi nikatoboa tundu la pili, vidole viwili nje ya lile la kwanza. Kila gurudumu vidole viwili. Huku na huku, vinne. Ukichomoa pini gurudumu linateleza. Pale kwenye minyaa nikaunganisha reli ya juu na ya chini kwa kipande kinachopanuka kidogo kidogo, hatua kumi, na ndani yake nikalaza vyuma vya kusukuma magurudumu nje. Chomoa pini, sukuma toroli pole pole, rudisha pini kwenye tundu la pili. Kwisha.

Nyapara alinifuma karakanani saa za jioni na drili ya mkono.

"Nani kakupa ruhusa kutoboa mali ya Serikali?"

"Nimejipa. Serikali si ndiyo sisi?"

"Umesoma darasa la ngapi wewe?"

"La pili. Yule injinia amesoma yote, na reli ziko vilevile."

Akaguna. Akasema nikiharibu nitalilipa toroli lile mpaka nife.

Siku ya kulijaribu mke wangu alikuwa ameingia mwezi wa saba. Wanawake wakasimama kando, ngata vichwani. Nikachomoa pini, tukasukuma. Katikati gurudumu moja likapanda juu ya reli, toroli likalala ubavu, matita yote chini.

"Jamani, fundi kajifungua!" mmoja akapiga kelele. Walicheka mpaka wakashikana.

Mke wangu hakucheka. Aliinama kuokota tita.

"Weka chini," nikamwambia.

"Toroli lako limelala, mwenye toroli. Nani atabeba?"

Nikabeba mimi. Yote, siku ile, mpaka la mwisho, na shingo iliniwasha hadi asubuhi.

Kosa lilikuwa langu, silifichi. Upana nilikuwa nimeupima kwa kamba ya katani, na mvua ilikuwa imeilowesha. Katani ikilowa hufupika. Mtu yeyote kambini aliyewahi kufunga mbuzi anajua. Mimi, ninayeishi kwa katani, nikasahau. Nikakata kipimo cha nondo, nikalegeza vyuma, nikapanua kwa kidole kimoja.

Baada ya siku nne tukasukuma tena. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Toroli lilishuka limejaa, likaingia kwenye kipande changu, likalia kidogo, magurudumu yakaachana mbele ya macho yetu bila haraka, kama mtu anayejinyoosha. Nikarudisha pini. Likaendelea. Tulilisikia likienda chini, chini, kwenye ule weupe, mpaka korona.

Nyapara akasafisha koo. "Sasa katani itakuwa nyingi," akasema. "Ninyi akina mama, kesho mkaanike."

Mke wangu alikuwa bado amesimama, ngata kichwani, mikono imeinuliwa nusu kupokea tita lisilokuja.

"Na mimi sasa hivi nifanye nini?" akaniuliza.

"Kaa."

Akaivua ngata, akaiweka juu ya reli, akaikalia. Akanyoosha miguu, moja huku, moja kule, mkono juu ya tumbo, ambamo alikuwamo mama yake huyu wa kompyuta.