Jino Nililolihukumu Kabla Halijaota

Nakumbuka Ijumaa moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na baba yako akinisikia nikisema hivyo hununa. Juzi ulipofika hapa macho mekundu, ukilalamika kwamba mkubwa wako kazini anakurudishia kila unachoandika, nilikuchemshia chai. Nilikuwa naitafuta Ijumaa hiyo nikupe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa fundi mdogo wa maabara Nairobi, nikiishi hapa Kitengela katika chumba cha mabati. Ukifungua mlango asubuhi unaona nyumbu wakila nyasi pale ambapo leo kuna ghorofa na maduka ya simu. Maji yaliletwa na punda. Vumbi la machimbo ya mawe lilituingilia hadi kwenye chai, nasi tukanywa tu. Nayatamani maisha hayo, sikufichi.

Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya nyama iliyotolewa kwenye mataya ya wagonjwa, vyembamba kuliko karatasi, na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwa hadubini. Daktari wetu alikuwa na utafiti wake pembeni. Alitaka kulinganisha uvimbe wa taya na meno yanayokua. Seli ikijigawa hunakili vinasaba vyake vyote, na anayenakili sana hukosea. Kwa hiyo kuna protini zinazopita nyuma yake zikirekebisha. Tulikuwa na dawa ya kuzionyesha: palipo na protini hizo pangegeuka kahawia. Haya yote nilielezwa siku ya kwanza, lakini nilikuwa nawaza viatu nilivyoviona dirishani. Nikashika nusu tu, kwamba kahawia ni mambo ya makosa.

Ijumaa hiyo alikuja mama mmoja kutoka upande wa Bissil, Kajiado, na binti yake wa miaka minane, Nashipai. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba, na wiki iliyotangulia alikuwa ametolewa kipande cha nyama tayani. Daktari hakuwepo hadi Jumatatu. Mzee Sankale, mkubwa wangu, alikuwa ametoka kula. Mimi nilikuwa nimetoka tu kuitazama slaidi ya Nashipai ya utafiti, yaani kioo chenye nyama yake iliyopakwa ile dawa, na upande mmoja ulikuwa kahawia tupu.

"Dada," mama akaniuliza, "umeona nini kwa mtoto yangu?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nilikuwa na koti jeupe jipya, na koti jipya lina maneno mengi. Nikamwambia, "Mama, hiyo taya imeharibika. Naona watakata."

"Wakate jino?"

"Wakate taya."

Akaligusa shavu la mtoto. "Meno sisi Wamaasai tumezoea kung'oa," akasema. "Taya hapana." Akamfunga Nashipai shuka vizuri, wakaondoka. Nami nikarudi kwenye kazi yangu nikijiona mtu.

Jumatatu daktari alisoma slaidi zote, zile za kawaida na ile ya utafiti. Haukuwa ule uvimbe mbaya. Ulikuwa mfuko wa maji uliolizunguka jino ambalo halijaota. Angefungua kidirisha kidogo kwenye mfuko, maji yatoke, na taya libaki zima. Ila wakichelewa, ule mfuko ungeendelea kuula mfupa hadi taya livunjike. Na ile kahawia? Ilikuwa nyama inayolilea jino changa. Pale seli zilikuwa zinajigawa usiku na mchana, kwa hiyo warekebishaji walikuwa wengi. Nilikuwa nimewaona mafundi nikasema ni wezi.

"Mtoto ako wapi?" daktari akauliza. Nikasema nilichofanya.

Mzee Sankale hakunifokea. Alisema tu, "Mwende, rangi ulipaka vizuri. Kusema, nani alikutuma? Kesho tunaenda kumtafuta."

Siku hizo watu wengi kule hawakuwa na simu. Tulienda sokoni Bissil tukauliza wauza mbuzi mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja akasema familia hiyo imehama na ng'ombe kwa sababu ya kiangazi, akatuonyesha upande. Tukatembea hadi jua likawa utosini. Njia nzima nilikuwa nikisali kimoyomoyo kwamba nimkute yule mtoto angali anatafuna.

Tulimkuta mama yake nje ya nyumba, akiziba nyufa za ukuta kwa mavi ya ng'ombe. Mzee akamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya." Akaitikia, "Iko," bila kugeuka. Nikafungua mdomo niombe msamaha. Akanisukumia karai.

"Shika. Hiyo ufa kwanza."

Mwanangu, nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Nikainama nikaziba ufa, nikaziba wa pili, naye akipita nyuma yangu akisawazisha pale nilipoharibu. Mikono ilipojaa ndipo nikamwambia yote: kwamba nilisema nisichokijua, kwamba kile nilichokiita uharibifu kilikuwa jino la mtoto wake linakua, na kinachoonekana pale ni kazi ya kurekebisha.

Akasimama. Mzee Sankale akamuuliza taratibu, "Mama Nashipai, mtu akipita hapa akuone unaziba hii ukuta, atasema nyumba imekufa?"

"Nyumba ikikufa," akasema, "hakuna mtu anaziba."

Akatazama kazi ya mikono yangu, akacheka kidogo, akamwita Nashipai anawe uso kwa safari. Mimi nililia pale pale, mikono ikiwa na mavi, nisiweze hata kujifuta.

Kile kidirisha kilifunguliwa, maji yakatoka, na mwaka uliofuata jino likaota. Nashipai sasa ni mama wa watoto wawili. Akipita Kitengela huniletea mahindi mabichi, tukachoma, naye huyatafuna makusudi kwa upande ule huku akinitazama. Mtundu yule!

Kwa hiyo nisikilize. Ukijua nusu ya jambo, nyamaza mpaka uijue nusu ya pili, hasa mbele ya mtu aliyeshika mkono wa mtoto. Ulimi ukikuponyoka, usitume barua. Nenda kwa miguu yako, na ukipewa karai, shika. Na huyo mkubwa wako anayekurudishia kazi kila siku, usimchukie. Anakurekebisha kwa sababu unakua. Siku atakapoacha kukugusa kabisa, hapo ndipo uje hapa ulie, nami nitalia na wewe.

Mungu akujalie watu wa kupita nyuma yako wakisawazisha, na akupe moyo wa kuwaachia nafasi. Haya, nawa mikono tule.