Mbuzi Asiyezaa

Nilipoanza kufundisha bailojia katika shule ya harambee karibu na Tulia, sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu, na miaka ya sabini hicho kilitosha. Mwalimu mkuu alinikabidhi kitabu akasema, "Sura ya uzazi usiiruke. Mtihani hauna haya."

Haya nilikuwa nayo mimi. Kwetu Ukambani tuna nthoni, heshima inayomzuia mtu kutaja mambo ya mwili mbele ya wakwe na mashemeji, na kwenye dawati la mbele alikaa mdogo wa mke wangu. Basi sura nzima nikaifundisha kwa mbuzi. Nilichora mbuzi jike na beberu ubaoni, na wanafunzi wakaandika "mbuzi" kila mahali kitabu kiliposema mtu. Nilijiona mjanja.

Nyumbani mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa miaka kadhaa bila mtoto. Alikuwa amekunywa mizizi ya kila mganga ambaye mama yangu alimsikia. Mimi sikupewa hata kikombe kimoja. Kwetu watoto wa kwanza hubeba majina ya wazazi wa mume, na mama alizoea kusema tukila, bila kumwangalia mke wangu, "Jina langu ataitwa nani?" Nami niliendelea kutafuna muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Tulipokaribia kumaliza sura ile, shemeji akainua mkono.

"Mwalimu, na mbuzi asipozaa, kosa ni la nani?"

Jibu lilikuwa kitabuni, mbele ya macho yangu: huenda ni mume, huenda ni mke, kwa hiyo wapimwe wote wawili. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikiwa peke yangu.

"Mbuzi asiyezaa," nikasema, "hupelekwa sokoni Tulia."

Walicheka mpaka wanafunzi wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mvulana mmoja wa nyuma akadakia, "Na beberu je, mwalimu?" Nikamfukuza nje. Shemeji hakucheka. Alifunika daftari lake akaangalia ubao.

Jioni mke wangu aliniletea maji ya kunawa, kisha chakula, kama kawaida. Halafu akasimama mlangoni.

"Nasikia umenipeleka sokoni."

"Ulikuwa mzaha wa darasani."

"Basi twende hospitali Kitui tupimwe, mimi na wewe. Ukienda, huo mzaha nitausahau."

"Mimi, mwalimu, nipange foleni ya mambo hayo? Watu wataniona."

"Mimi wameniona miaka yote hii," akasema.

Alingoja nijibu siku ile, na siku zilizofuata, nami nilitoka asubuhi na kurudi jioni na kuzungumza habari za mvua. Siku moja nilirudi nikakuta moto umezimwa vizuri, vyungu vimeoshwa, na nguo zake hazipo. Baadaye baba yake alirudisha mbuzi wa mahari. Mama aliwapokea, na kwa mbuzi wale wale akaniolea mke mwingine.

Huyo naye hakuzaa, naye akaondoka. Safari hii mama hakuuliza habari ya jina lake. Aliniangalia tu, na mpaka anakufa hatukulizungumza. Hospitali sikuwahi kwenda. Sikuwa tena na mtu wa kwenda naye.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeshaacha kazi, nilishuka mjini Salama kununua mboga kando ya barabara kuu. Mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya aliinua uso. Alikuwa yule mke wangu wa kwanza, amenenepa, akaniamkia. Nyuma yake msichana mwenye sketi ya shule alikuwa akipangusa nyanya kwa kitambaa. Kipaji cha uso kilikuwa cha mama yake.

"Msalimie mwalimu," mama yake akamwambia. "Alimfundisha mama yako mdogo."

"Shikamoo, mwalimu. Ulikuwa unafundisha nini?"

"Bailojia."

"Ala! Sisi tumefika uzazi. Lakini mwalimu wetu anaona aibu, amesema tujisomee."

Mama yake aliinamia nyanya, akawa anazihesabu upya. Nilijua ananisikiliza.

"Mwambieni asome nanyi," nikasema. "Na mwanamke asipozaa, kitabu kinasema mume naye apimwe. Mara nyingine ni mume. Mimi nilikuwa nalijua hilo, na sikulisema."

Msichana alicheka kidogo, kwa haya. Mama yake hakuinua uso. "Unataka za ngapi, mwalimu?" akauliza, kwa upole, kama anavyomuuliza kila mteja.

Nikasema anipimie ndoo nzima. Alinijazia, akaongeza nyanya chache juu, na mtoto wake akanisaidia kubeba mpaka stendi.

Nyumbani nilizimwaga mezani. Nilipika chache. Zilizobaki nilizitazama zikilainika, siku baada ya siku, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuzila.