Shingo Nyepesi ya Baiskeli ya Opondo

Opondo alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akapewa kikapu cha kuchumia majani chai, na mgongo wake haukupumzika tena. Mwaka wa tisini na sita mgongo huo ukaanza kumkatalia kabisa. Asubuhi alitoka kitandani kwa mafungu, miguu kwanza, mwenyewe baadaye. Kilichobaki ni baiskeli. Kampuni ya chai ilikuwa inatafuta waendeshaji watano wa timu yake ya baiskeli, na kambi nzima ya wafanyakazi ilijua kwamba ukiingia timu unahamishiwa getini au stoo. Hakuna kikapu tena. Basi Opondo akaweka matumaini yake yote kwenye mbio za mchujo za Jumamosi, Sotik mpaka Kericho.

Baiskeli yake ya mbio ilikuwa nzuri, ila shingo ya usukani, kile chuma kinachoushika usukani kwenye fremu, ilikuwa imepasuka. Fundi Kipkosgei wa sokoni akamletea mbili za mtumba: moja ya chuma, fupi na nzito, nyingine ya alumini, ndefu.

"Chagua," akamwambia. "Lakini panda kwanza nione mikono inafika wapi."

Ah, wapi! Mtu wa majani chai umwambie habari za mikono? Yeye kila jioni anapimwa kwa kilo, anasifiwa kwa kilo, anatukanwa kwa kilo. Opondo akazibeba zote mbili mpaka kituo cha kupimia majani, akazitundika kwenye mizani moja baada ya nyingine. Mshale haukutikisika. Karani Makori akacheka mpaka akashika meza. Opondo hakujali, akaenda dukani kwa Janeffer, akaziweka kwenye mizani ya sukari, huku moja, huku nyingine, na ile ya alumini ikapaa juu. Akafurahi, jamani, mtu mzima, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

"Baba Akello, hii si ndefu sana?" mkewe Syprose akamuuliza alipokwisha kuifunga. "Umelala hapo juu kama nguo imeanikwa."

"Ndivyo wanavyokaa wale wa kwenye gazeti. Ni nyepesi, mama. Mlimani utaniona."

Na kweli alionekana. Jumamosi, kutoka Sotik, alikuwa wa tatu, mpaka mlima wa kukaribia Litein. Hapo mgongo, uliokuwa umevutwa mbele njia nzima, ukafunga. Akajaribu kusimama kwenye pedali, ukakataa. Akajaribu kukaa wima, mikono haikuufikia usukani. Miguu ilikuwa na nguvu tele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakampita mmoja mmoja, hadi akaacha kuangalia. Alilia palepale akiendesha, bila aibu. Mwishowe wanaume wawili wakamshika na kumshusha, amejikunja vilevile.

Wakamlaza nyuma ya pikapu ya kampuni iliyokuwa imeleta watu wa kambini kutazama mbio, Syprose akiwa miongoni mwao, naye akapanda kumkanda. Nyapara wake, Kiptanui, akaja akaegemea ubavuni mwa gari. Hakuwa mtu mbaya.

"Opondo, huo mgongo utaweza kuchuma Jumatatu? Niambie ukweli. Kuna watu wanaulizia nyumba yako huko kambini."

"Utaweza, mzee," Opondo akasema, uso chini.

Syprose alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wenyewe, na mgongo ulikuwa mgumu kama ubao. Akamtazama nyapara, akataka kusema, kisha akaendelea tu kukanda.