Sindano Iliyoniuma

Enzi zile za kupanga foleni madukani, vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi, na kiwiko kikawa kinawaka moto. Mimi fundi cherehani wa Kariakoo. Fundi asiyeisikia sindano ni fundi gani? Hospitali waliniambia mishipa ya fahamu imeumia, nivumilie. Nikasonya.

Mama mwenye nyumba wangu alipika karafuu na tangawizi katika mafuta ya nazi, akawa ananichua kila jioni uani. Aliminya kama anakamua tui, nami nikimlaani kimoyomoyo.

Siku moja nikipinda kanga, sindano ikanichoma kidole gumba cha mkono ule ule wa kushoto. Iliuma! Nikapiga vigelegele nyumba nzima ikasikia.

Lakini vigelegele vya mchana siku hizo vilikuwa na maana moja tu: sukari imefika duka la ushirika. Wapangaji wote wakatoka mbio na vikapu, mmoja bado ana povu la sabuni masikioni.

"Sukari iko wapi?" akauliza mama mwenye nyumba, akihema.

Nikamwonyesha tone la damu. "Mama, inauma!"

Akakitazama kidole, akatupa kikapu chini, akapiga vigelegele kunishinda mimi. Nyumba za jirani nazo zikatoka na vikapu.